Mkwara na Kuvunga: Niliyofundishwa na Poka Uzeeni

Mwaka jana, wakati wa mvua za masika, mpwa wangu alirudi likizo kutoka Marekani anakosoma, akaja kutusalimu hapa Tanga. Mvua ikatufungia ndani siku tatu. Siku ya pili alitoa karata mkobani, akaniambia, "Mjomba, leo nikufundishe poka." Nikamjibu kwamba katika nyumba hii hakuchezwi kamari. Akacheka, akaenda jikoni kwa mkazamjomba wake, akarudi na bakuli la punje za mahindi. "Basi tuchezee hizi," akasema. "Atakayeshindwa atawalisha kuku."

Kabla ya magharibi punje zangu zote zilikuwa upande wake. Alipokuwa akizikusanya aliniuliza swali ambalo ndilo lililozaa makala haya: "Mjomba, wewe ni mwalimu wa Kiswahili. Mtu akiweka dau kubwa ilhali mkononi hana kitu, akitaka mwenzake aogope na kutupa karata zake, kitendo hicho tunakiitaje?"

Nimefundisha Kiswahili na Historia katika shule za sekondari kwa miaka 34, tangu nilipotoka chuo cha ualimu. Nilinyamaza. Kisha nikafanya kile ambacho kila mwalimu amewahi kukifanya: nikamwambia, "Swali zuri. Tutalijadili kesho."

Wasomaji wenzangu wasidhani kwamba karata ni ngeni kwetu. Lugha yenyewe inashuhudia. Neno "karata" tumelipata kwa Wareno, na "turufu" vilevile. Kopa, shupaza, uru na pau ni maneno yao yaliyovaa kanzu ya Kiswahili. Wareno walifika pwani hii mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, wakatolewa humo mwaka 1698. Ngome imebaki kuwa makumbusho; karata zimebaki barazani. Wazee walionifundisha wahedi wa sitini walimwita malkia mzungu wa pili, kijana mzungu wa tatu, na mfalme mzungu wa nne. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba majina hayo ni hesabu: malkia ana pointi 2, kijana 3, mfalme 4. Ukiongeza saba yenye pointi 10 na ree yenye 11, kila aina ina pointi 30, na zote nne zinafika 120. Anayepata 61 amevuka nusu, ameshinda. Jina la mchezo ni hesabu ya ushindi wake.

Katika wahedi wa sitini nilikuwa mchezaji wa kuheshimika. Lakini mchezo ule hulipa kumbukumbu. Anayekumbuka turufu zilizokwisha kutoka ana nafasi nzuri kuliko mwenye uso mkavu. Poka ni jambo jingine. Katika aina aliyonifundisha mpwa wangu, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano hufunuliwa katikati kwa ajili ya wote: kwanza tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Kabla ya kufunuliwa, na baada ya kila hatua, watu huweka madau. Anayeweka dau anamwambia mwenzake: lipa kiasi hiki au ondoka. Mwenzake akiondoka, kitita chote cha katikati ni chako, na hakuna mwenye haki ya kuona ulikuwa na nini. Ndiyo kusema kwamba kuna njia mbili za kushinda: kuwa na karata bora, au kumfanya mwenzako aamini unazo.

Mimi nilijua njia ya kwanza tu. Nilipokuwa na jozi ya wafalme niliweka dau kubwa. Nilipokuwa sina kitu nilitupa karata mara moja, kwa uaminifu wa mwanafunzi anayekiri hakufanya kazi ya nyumbani. Matokeo yake mpwa wangu alinisoma kama gazeti. Nikiweka dau, anaondoka, nami naambulia punje mbili. Nikisita, anapandisha dau, nami naondoka. Uaminifu wangu haukumsaidia yeyote. Ulimpa yeye mahindi.

Usiku ule alinifafanulia hesabu yake, nami nikaiandika daftarini kwa sababu ilinishangaza. Tuseme katikati kuna punje 10, nawe unaweka dau la punje 10. Mwenzako anapaswa kulipa 10 ili aambulie 20. Ikiwa katika kila madau matatu ya namna hiyo, mawili una karata za kweli na moja huna kitu, basi mwenzako akikufuata siku zote atapoteza 10 mara mbili na kupata 20 mara moja. Hapati faida wala hasara, na hajui la kufanya. Ukipunguza uongo chini ya hapo, atakukimbia kila unapokuwa na mali. Ukiuzidisha, atakufuata kila mara na kukufilisi. Kumbe uongo nao una kipimo chake, kama chumvi.

Aliniambia pia habari ya John von Neumann, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, ambaye mwaka 1944 alitoa kitabu juu ya nadharia ya michezo akishirikiana na Oskar Morgenstern. Humo walieleza kwamba hadaa katika poka ina makusudi mawili. La kwanza ni kuonekana una nguvu wakati u mnyonge. La pili ni kuonekana mnyonge wakati una nguvu. Maana mtu aliyewahi kukukamata ukidanganya atakuwa tayari kulipa siku utakapokuwa na karata kweli. Jambo jingine walilolionyesha ni kwamba, kwa kawaida, karata za kudanganyia ni zile mbovu kabisa. Karata za wastani zina thamani ndogo ya kulindwa kimyakimya. Ile mbovu haina cha kupoteza.

Nilimuuliza kama siri yote basi iko usoni, katika kutopepesa macho. Akasema siyo. Mwaka 2017, mjini Pittsburgh, programu ya kompyuta iitwayo Libratus ilicheza poka na mabingwa wanne kwa siku 20, migao 120,000, ikawashinda. Kompyuta haina uso wa kukaza wala mikono ya kutetemeka, lakini ilidanganya vizuri kuliko wao. Hadaa ya poka hukaa katika mpangilio wa madau. Kila dau ni sentensi, na sentensi zote lazima zisimulie kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kisa kikiwa na tundu, msikilizaji makini hupenya hapo.

Mfano aliopenda kunisimulia ni wa mwaka 2003, Las Vegas. Mhasibu wa Tennessee aitwaye Chris Moneymaker, aliyefuzu kwa dau dogo kwenye intaneti, alibaki na bingwa mzoefu Sammy Farha baada ya washiriki 839 kuanza. Katika mgao mmoja Moneymaker alingojea karata ya kukamilisha shupaza tano; haikuja. Mkononi akabaki na mfalme asiye na mwenzake. Akasukuma mbele kila alichokuwa nacho. Farha alikuwa na jozi ya tisa, karata bora, na angeweza kumaliza mashindano palepale au karibu na hapo. Akafikiri kwa muda mrefu, akatupa. Moneymaker akaja kutwaa ubingwa na dola milioni 2.5. Kisa chake kilikuwa kamili: alipandisha dau kama mtu aliyekwisha kuzipata zile shupaza tano, na mwisho akaweka dau la mtu yuleyule.

Sasa nirudi kwenye neno. Usiku nilifungua kamusi, nikayapanga maneno yetu mezani kama karata. Kudanganya ni pana mno; hata mtoto aliyekula sukari hudanganya. Kulaghai kuna maneno matamu ndani yake. Kuhadaa ni kumwonyesha mtu kinachovutia ili aiache njia. Kughilibu kunapendeza zaidi, kwa kuwa asili yake ya Kiarabu ni kushinda: aliyeghilibiwa amezidiwa. Lakini yote haya hayabainishi ni nani aliye mnyonge na ni nani mwenye nguvu.

Neno nililolitafuta lilikuwa mtaani, na mimi mwenyewe ndiye niliyelizuia mlangoni. Kwa miaka mingi wanafunzi waliandika katika insha zao kwamba fulani "alipigwa mkwara", nami nikapiga mstari mwekundu: lugha ya mitaani. Kumpiga mtu mkwara ni kumtisha ili arudi nyuma kabla hajajua kama unaweza kutimiza unachokitishia. Hakuna neno linaloikaribia poka kuliko hilo. Na kinyume chake tunacho: kuvunga, yaani kujifanya hujui au huna, ilhali unajua na unacho. Mkwara ni debe tupu linalovuma. Kuvunga ni simba mwenda pole. Yale makusudi mawili ya wanahisabati, Mswahili ameyapa kila moja kitenzi chake na methali yake.

Asubuhi nilimpa mpwa wangu jibu, naye akaridhika. Mimi sikuridhika, kwa sababu usiku ule, nikipanga maneno, nilikuwa nimekumbuka mambo mawili.

La kwanza ni la darasani. Katika mazoezi ya kufundisha, mwanzoni mwa miaka ya 80, mkufunzi wetu alituonya tusiwaonyeshe wanafunzi kwamba tunaogopa. Siku yangu ya kwanza mwanafunzi mmoja aliniuliza maana ya neno ambalo sikuwahi kulisikia. Nikamsifu kwa swali, nikaliandika ubaoni, nikasema, "Kila mmoja akalitafute, kesho tutalijadili." Usiku nililitafuta katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyokuwa mpya wakati ule, mpaka nikalipata. Ule ulikuwa mkwara, lakini wenye tumaini: karata niliyokuwa sina jioni niliipata kabla ya kengele ya asubuhi. Wacheza poka hupenda mkwara wa namna hiyo kuliko mwingine wowote, ule wa mkono ambao leo ni dhaifu na kesho huenda ukakomaa. Sioni haya kuukumbuka.

La pili naliona haya, na nimelikalia kwa miaka mitano.

Nilipostaafu nililipwa kiinua mgongo, na shilingi milioni 18 katika hizo nilimpa kijana mmoja nadhifu aliyeniuzia kiwanja. Aliniamkia "shikamoo mwalimu" kila tulipoonana. Alikuwa na karatasi zenye mihuri. Nilipotaka kwenda kuzihakiki, akaniambia kuna mnunuzi mwingine anafika kesho asubuhi kutoka Dar es Salaam na fedha mkononi, ila yeye angependa apate mwalimu wake wa zamani. Nikalipa jioni ileile. Kiwanja kilikuwa kimekwisha kuuzwa kwa watu watatu.

Leo, baada ya poka, nakiona kisa chake chote kama madau. Yule mnunuzi wa Dar es Salaam alikuwa dau lililopandishwa ili niondoke au nilipe bila kuuliza. Na kilikuwa na tundu: mtu mwenye mnunuzi wa fedha taslimu hana haja ya kunibembeleza mimi. Sikuliona tundu hilo, kwa kuwa sikuwahi kuketi upande wa mtu anayetunga kisa cha namna ile. Nilijivunia maisha yangu yote kwamba sijui kudanganya. Sikujua kwamba asiyejua jinsi uongo unavyojengwa hana pa kuugonga ili asikie kama ndani ni mtupu.

Hata hivyo yule kijana na mchezaji wa poka siwaweki kundi moja. Wanaoketi mezani kucheza poka wamekubaliana tangu awali kwamba patakuwa na hadaa, na kila mmoja anajua kiasi anachoweza kupoteza. Ni kama washairi wanaojibizana: anayefumba na anayefumbua wote wamekubali fumbo, na aliyeshindwa kulifumbua hakuibiwa kitu. Mimi nilipompa yule kijana fedha zangu, sikujua kwamba tulikuwa tunacheza.

Wala mke wangu hakujua. Hapo ndipo haya yangu ilipo.

Sikumwambia. Aliponiuliza habari za kiwanja nilimwambia tunangoja hati. Dau la kwanza. Mwezi uliofuata aliuliza tena, nikasema ofisini wamechelewa, lakini mafundi nimekwisha kuzungumza nao. Dau la pili, kubwa zaidi, maana aliyesema la kwanza hawezi kusema dogo baada yake. Mwezi wa tatu akasema anataka kukiona. Nami, mwalimu mstaafu, mzee wa watu, nikampeleka kwenye kiwanja cha mtu nisiyemjua, nikasimama katikati ya majani, nikamwonyesha kwa fimbo. Hapa sebule. Hapa chumba cha wageni. Jiko litakaa huku upande wa mashariki, moshi usiingie ndani. Banda la kuku kule nyuma. Nilieleza kila kitu. Yeye alitazama mwembe uliokuwa pembeni, akasema, "Huu utatupa kivuli." Tukarudi nyumbani.

Usiku, baada ya kula, aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, kile kiwanja ni cha nani?"

Nikafunua karata zote. Nilipomaliza, nilingoja kilio. Akaniambia alijua tangu wiki ya pili. Mmoja wa wale watatu waliouziwa kabla yangu alikuwa jamaa ya rafiki yake, na habari zilikwisha kumfikia. "Mbona hukusema?" nikamuuliza. "Nilikuwa nangoja useme wewe," akasema. "Halafu nikataka kujua utafika wapi." Akanyamaza kidogo. "Umefika mpaka kwenye banda la kuku."

Miezi mitatu nilimpiga mkwara mtu aliyekuwa anavunga. Katika fedha zile zilizopotea, na sikuzipata tena, hakuna iliyoniuma kama ile safari ya kiwanjani. Fedha niliibiwa. Safari niliipanga mwenyewe. Na namshukuru kwamba alinifuata dau, kwa sababu angeendelea kunyamaza, sijui ningemwonyesha nini mwezi wa nne.

Mpwa wangu alipoondoka alituachia karata. Siku hizi jioni tunacheza wawili, mimi na mke wangu, kwa punje zilezile za mahindi, na kuku wetu wamenona. Yeye ni mchezaji bora kuliko mimi. Ameng'amua kwamba ninapokuwa sina kitu nazipanga punje zangu vizuri na kuanza kuzungumza. Mwalimu akiwa hana hakika huongeza maelezo. Basi kila ninapoweka dau kubwa, hunitazama juu ya miwani na kuniuliza swali moja, "Na jiko litakaa wapi, Mwalimu?" Kisha hunifuata, na mara nyingi nakuwa sina kitu.

Wiki iliyopita niligawiwa ree mbili, na ree ya tatu ikafunuka katikati. Nikaweka dau dogo, kisha la kadiri, na mwisho nikasukuma punje zote. Akaniuliza swali lake. Nikamjibu, "Upande wa mashariki, mama, moshi usiingie ndani."

Akanifuata kwa punje zote alizokuwa nazo. Nilipofunua ree zangu alizitazama kwa muda, akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, kisha akalichukua bakuli tupu akaenda kuongeza mahindi.